Kupanga chumba Mbeya na Iringa: mwongozo kwa anayehamia mara ya kwanza

Kila inapokaribia Oktoba, vyuo vinapofunguliwa, maswali huwa ni yale yale. Mwanafunzi aliyepata nafasi MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) au Mkwawa, chuo cha ualimu cha Iringa, anauliza chumba ni bei gani. Mwalimu mpya anauliza masta maana yake nini. Muuguzi aliyepangiwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda anasema dalali anadai hela kabla hajamwonyesha chumba, je, ampe? Na karibu kila mmoja anauliza kama kweli kuna baridi kama inavyosemwa. Nimeyaweka majibu pamoja hapa, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Kabla ya yote shika hili, maana ndilo wageni hulisahau: chumba cha Nyanda za Juu Kusini hukaguliwa kwa baridi na kwa mvua. Anayetoka Dar au Tanga huja na macho ya kwao. Anatafuta dirisha la kuingiza upepo, vigae vinavyong'aa na kivuli cha mti. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Iringa mjini karibu mita 1,600. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na ukipanda Njombe au Makete ni baridi zaidi. Halafu kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili kuna mvua ya kweli. Chumba kilichokupendeza Oktoba, jua likiwaka na barabara ikiwa kavu, kinaweza kukutesa miezi yote iliyobaki.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

Kwanza, pahali pa kulala siku mbili au tatu: kwa ndugu, kwa rafiki, au gesti. Usikiruke hiki kwa kubana matumizi. Mtu anayetafuta chumba huku mabegi yake yako kwenye bajaji hukubali chochote atakachoonyeshwa, na madalali wanalijua hilo.

Pili, hela iliyopigiwa hesabu yote. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mitatu, wachache mwaka mzima. Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo chumba cha 60,000 kwa mwezi kinahitaji 360,000 ya kodi na 60,000 ya dalali, yaani 420,000, kabla hujanunua kitasa, godoro, blanketi na umeme wa kuanzia. Ukiwa na 360,000 mfukoni, tafuta chumba cha 45,000.

Tatu, kitambulisho cha NIDA au namba yake. Mwanafunzi abebe na barua ya chuo. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unakotoka itakurahisishia mambo kwa mwenyekiti mpya.

Nne, simu yenye chaji, tochi, kamera na dira. Dira utaihitaji, utaona sababu.

Tano, kama inawezekana, mwenyeji wa kufuatana naye. Hata fundi bodaboda wa mtaani anajua nyumba ipi wapangaji hawakai.

Maneno utakayosikia, na kinachokuwa ndani yake

Ugomvi mwingi wa siku ya kwanza hutokana na mtu kulipia neno bila kukiona kitu. Yazoee haya.

*Chumba singo* ni chumba kimoja. Choo na bafu viko nje au kwenye korido, mnachangia. *Chumba na sebule* ni viwili vinavyofuatana, choo bado cha kuchangia isipokuwa umeambiwa vinginevyo. *Masta* ni chumba chenye choo na bafu lake humo humo. Angalia hapa: dalali akisema "choo cha ndani" hajasema masta. Choo kinaweza kuwa ndani ya nyumba kubwa na mkakitumia kaya nne. Uliza hivi: "Ufunguo wa choo ninao mimi peke yangu?"

*Upande* ni nusu ya nyumba iliyogawanywa, mara nyingi vyumba viwili au vitatu vyenye mlango wao wa kutokea. *Nyumba inayojitegemea* iko peke yake kwenye kiwanja. *Apatimenti* hapa mara nyingi ni masta yenye sebule na jiko dogo ndani ya fensi, usitarajie ghorofa. *Kota* ni nyumba za mwajiri. Mtumishi wa serikali aulize ofisini kwake kwanza kabla ya kuingia mtaani. *Geto* ni chumba cha kijana anayejitegemea, na ukilisikia kwa mwanafunzi jua anamaanisha chochote anacholala nje ya hosteli.

*Fremu* ni chumba cha biashara. Usikubali kulala kwenye fremu hata kama bei inavutia: nyingi hazina dirisha la nyuma wala choo, na mlango ukishindikana kufunguka huna njia nyingine ya kutokea. *Pagale* ni nyumba ambayo haijaisha, na siku hizi wapo wanaopangisha mapagale yenye madirisha ya mbao na sakafu ya udongo kwa ahadi kwamba "fundi anamalizia mwezi ujao". Lipia kilichokwisha, si kinachokuja.

Kuna na misemo. "Maji yapo ndani" aghalabu ni ndani ya fensi, bomba la uani. "Umeme upo" haisemi kama mita ni yako. "Jiko lipo" linaweza kuwa kona ya kibaraza. "Karibu na lami" tembea kwa miguu upime.

Hatua za kufuata

1. Chagua eneo kwanza, chumba baadaye.

Mbeya imejinyoosha kando ya barabara kuu ya TANZAM, kuanzia Uyole, kupita Mwanjelwa na Mafiati, hadi Iyunga na kuendelea Mbalizi. Maana yake daladala yako na malori yanayokwenda Tunduma mnagombania njia moja, na upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi umeongeza vumbi na michepuko. Anayefanya kazi Uyole asipange Iyunga kwa sababu ya tofauti ya shilingi elfu kumi; ataimaliza kwa nauli na foleni. Wa MUST aangalie Iyunga na Ikuti. Mwanjelwa na Kabwe kila kitu kiko karibu, ila kelele za soko na stendi ndogo huanza alfajiri. Uyole kuna chakula cha bei nzuri na njia ya Tukuyu, na baridi yake utaijua.

Iringa mji uko juu, Ipogolo iko chini kwenye barabara kuu. Vyumba vya chini huwa na unafuu, lakini kama unatembea kwa miguu utaupanda ule mlima kila siku ukiwa na begi. Wanafunzi hujazana Mkwawa, Kihesa na Mtwivila; huko chumba kizuri hakimalizi wiki Oktoba, kwa hiyo atakayefika Septemba anachagua, atakayefika Novemba anachaguliwa.

Onyo la kwanza: angalia mlima ulio juu ya nyumba. Aprili 2024 udongo wa Mlima Kawetere uliporomoka Itezi, Mbeya, ukafukia nyumba na kuingia shuleni. Chumba kikiwa chini ya mteremko uliolimwa hadi juu bila miti, au kando ya korongo linalopanuka, achana nacho. Waulize majirani, usimwulize dalali, maji ya Machi hupita wapi.

Onyo la pili: angalia ukuta wa mbele kama una alama ya X. Hiyo huwekwa na wakala wa barabara kwenye majengo yaliyo ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Nyumba ya X inaweza kukaa miaka au ikabomolewa wakati kodi yako ya miezi sita haijaisha mwezi wa pili. Kama umeipenda sana, lipa mwezi mmoja mmoja.

2. Tafuta kwa miguu na kwa dalali, vyote viwili.

Zunguka mtaani asubuhi. Salimia watu, kwa wazee wa Iringa "kamwene" inafungua milango mingi kuliko ukimya wa mgeni aliyeshika simu. Waulize mama wauza mboga, wenye maduka, mafundi cherehani. Wao wanajua nani kahama jana.

Dalali naye ana kazi yake, hasa kama huna muda. Kubalianeni mapema mambo mawili: malipo yake ni kiasi gani, na yanalipwa lini. Jibu sahihi la "lini" ni siku unayopewa ufunguo. Wengi huomba hela kidogo ya usumbufu kwa kukuzungusha, na ni haki yake kama kweli amekuzungusha. Anayedai utume hela kwa simu ili "akushikie chumba" ambacho hujakiona, mwache. Huo ndio utapeli unaowaliza wanafunzi wengi kila mwaka, maana chumba kimoja hupigwa picha na kuuzwa kwa watu kumi.

3. Kagua mchana.

Ingia, funga mlango, simama katikati, kaa kimya dakika moja. Vuta hewa. Harufu ya uvundo ni unyevu, hata kama rangi ni mpya; na rangi mpya sehemu moja tu ya ukuta, chini karibu na sakafu au kwenye kona, mara nyingi imefunika ukungu. Pitisha kiganja ukutani. Ukuta unaotoa unga mweupe au uliovimba una maji.

Inua macho. Kama hakuna silingi, unaona bati moja kwa moja, jua kwamba utaganda Juni. Joto lote la chumba hupanda na kutokea kwenye bati, na usiku wa baridi kali pumzi yenu hugeuka maji chini ya bati na kudondokea kitandani; watu hudhani panavuja. Kwa bei ile ile, chumba kidogo chenye silingi kinashinda kikubwa kisicho nayo. Kama silingi ipo, tafuta alama za rangi ya chai. Hapo ndipo mvua huingilia. Mwenye nyumba akikuambia "pameshazibwa", mwombe aliandike kwenye mkataba.

Sasa toa dira. Sisi tuko kusini mwa ikweta, hivyo Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini. Dirisha linalotazama kaskazini hupata jua miezi ile ile unayolihitaji. Linalotazama mashariki hupata la asubuhi, nalo si haba. Linalotazama kusini tu halipati jua la baridi hata kidogo, na chumba chake hubaki na ubaridi mchana kutwa. Kwa Mbeya mjini hata dira si lazima: kaskazini ni upande wa Mlima Loleza. Hakikisha tu nyumba ya jirani haijaliziba hilo dirisha.

Mengine upitie haraka: madirisha yanafunga kweli au yana mwanya, nondo zipo na hazichezi, mlango una komeo la ndani, soketi inafanya kazi (chomeka chaja yako), sakafu haina nyufa za panya. Kama choo ni cha nje, tembea kutoka kitandani hadi chooni na ujiulize kuhusu saa nane usiku mwezi wa saba kwenye baridi, au mwezi wa tatu mvua ikinyesha. Hesabu mnachangia wangapi. Zaidi ya kaya nne kwa choo kimoja, tarajia foleni ya asubuhi.

4. Rudi jioni.

Karibu hakuna anayeifanya hatua hii, nami naisisitiza kuliko nyingine. Rudi saa moja au saa mbili usiku, bila dalali. Utaona njia ina taa au ni giza. Utasikia kama baa ya jirani inapiga muziki. Utawakuta wapangaji wenzio wamerudi kazini. Wasalimie, waulize mambo matatu: maji hutoka siku zipi, umeme mnachangiaje, na aliyehama kwenye chumba hiki alihama kwa nini. Mkiwa wawili au watatu mkizungumza, ukweli utatoka.

5. Maliza habari za umeme na maji kwa namba.

Umeme wenye mita yako peke yako ndio usalama. Mita ya kuchangia ina matatizo mawili. La kwanza ni bei. Kwa viwango vilivyopangwa 2016, tarifu ya matumizi madogo, D1, ambayo ni kwa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ni shilingi 100 kwa uniti. Ya kawaida, T1, ni 292. Zote kabla ya kodi na tozo, ambazo huifikisha ya pili karibu 356. Kaya tano kwenye mita moja huvuka 75 mapema sana, kwa hiyo mnalipa ya juu hata wewe unayewasha taa moja. La pili ni nani katumia nini. Hita ya kuchemshia maji ya kuoga ya wati 1,500 ikiwashwa nusu saa hula robo tatu ya uniti, karibu shilingi 270. Kila siku kwa mwezi ni uniti 22 na nusu. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, na ndiyo maana wenye nyumba wengi wamekataza hita, pasi na jiko la umeme. Uliza katazo kabla ya kuingia.

Kuna na kodi ya majengo, inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021. Kwa nyumba ya kawaida ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi na 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Ikikatwa kwenye umeme ulionunua wewe, mkubaliane ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Mita iliyokaa miezi bila kununuliwa umeme huwa imelimbikiza deni, nawe utashangaa elfu kumi yako imetoa uniti chache. Mwombe mwenye nyumba anunue umeme wa elfu mbili mbele yako. Utaona kila kitu kwenye ujumbe.

Maji: uliza mgao, uliza tangi lipo na la lita ngapi, na bili inagawanywa kwa kichwa au kwa chumba. Aliye peke yake apiganie kwa kichwa.

6. Hakikisha anayekupangishia ana haki ya kupangisha.

Nenda kwa mjumbe au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, taja nyumba. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zina namba mlangoni, kwa hiyo itaje kwa namba. Muulize ni ya nani na kama ina kesi. Nyumba za urithi ndizo za kuangalia zaidi: mtoto mmoja wa marehemu anakupangishia, miezi miwili baadaye kaka yake anakuja kudai kodi upya. Hapo lipa kwa msimamizi wa mirathi tu. Kama unaonana na msimamizi wa nyumba badala ya mwenyewe, ongea na mwenyewe kwa simu, namba uipate kwa mwenyekiti, si kwa huyo msimamizi.

7. Omba punguzo kwa heshima.

Usipitie kwa dalali; malipo yake hutegemea kodi, hana sababu ya kuishusha. Nenda mwenyewe. "Shikamoo mama. Chumba nimekipenda, na mimi ni mtu wa kukaa. Naomba unipunguzie kidogo, au nilipe miezi mitatu kwanza halafu mingine nikipata mshahara." Mama mwenye nyumba anayekataa kushusha bei mara nyingi atakubali jambo jingine: kubadilisha kitasa, kuziba bati, kupiga rangi. Kwa mikoa hii mimi ningechagua silingi kuliko punguzo la elfu tano.

8. Andikeni mkataba, hata ukurasa mmoja.

Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Hakuna ofisi itakayokupangia kodi iwe kiasi gani, kwa hiyo kinga yako kubwa ni karatasi. Iwe na majina na namba za vitambulisho vya wote wawili, namba ya nyumba na chumba chenyewe, kodi kwa mwezi, tarehe ya kuanza na kuisha, umeme na maji vinalipwaje, nani anatengeneza nini kikiharibika, taarifa ya kuhama au kupandisha kodi itolewe muda gani kabla (mwezi mmoja usipungue), na kama kodi iliyobaki itarudishwa mkikatisha. Nakala mbili. Shahidi mmoja kila upande, na mhuri wa serikali ya mtaa.

Kosa la kawaida: "sisi hapa tunaaminiana tu, mwanangu." Mjibu kwa upole kwamba karatasi inamlinda hata yeye, na usilegeze.

9. Lipa mbele ya watu, upokee risiti na ufunguo saa hiyo hiyo.

Ukilipa kwa simu au benki, jina litakalotokea liwe lile la kwenye mkataba. Likitofautiana, simamisha. Dalali mlipe baada ya ufunguo.

10. Siku ya kuingia.

Kabla ya kushusha mzigo piga picha kila ukuta, silingi, choo na namba za mita, umtumie mwenye nyumba kwenye simu ili tarehe ibaki. Badilisha kitasa. Kisha nenda ukajiandikishe kwa mjumbe, na ujitambulishe kwa majirani. Ukipatwa na jambo usiku, wao ndio watakaofika wa kwanza.

Onyo linalosimama peke yake: jiko la mkaa ndani

Usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba unacholala. Si kwa dakika kumi, si kwa sababu "moshi umeshaisha". Kila msimu wa baridi watu hufa hivi katika mikoa yetu, mara nyingine mama na watoto pamoja, wamefunga mlango na dirisha, wameziba na mwanya wa chini kwa nguo.

Mkaa unaowaka kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na mkaa mwekundu usio na moshi unaitoa vilevile. Hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa hewa huku unapumua. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Aliyelala hazisikii.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa, mpeleke hospitali mara moja. Maziwa hayasaidii, yanapoteza muda tu. Zimamoto ni 114.

Joto litafute kwingine: blanketi mbili nyepesi badala ya moja nzito, mkeka au zulia juu ya saruji, godoro lisikae sakafuni, pazia nzito jua likizama, chupa ya maji ya moto miguuni, soksi na kofia ya sufu. Dirisha fungua mchana jua likiwapo ili unyevu utoke. Pika kibarazani.

Yakitokea haya

*Mvua ya kwanza, panavuja.* Piga video papo hapo, tuma, kisha mpigie simu. Msikubaliane kwa mdomo ukatengeneza kwa hela yako; pata kwanza ujumbe unaosema gharama itakatwa kwenye kodi, na utunze risiti ya bati na misumari.

*Ukungu unarudi ukutani.* Sogeza kitanda na kabati viache nafasi ya kiganja kimoja kutoka ukutani, usianike nguo ndani, sugua kwa maji yenye jiki. Ukirudi baada ya hapo, maji yanatoka nje ya ukuta: angalia mfereji wa paa na udongo uliorundikwa nyuma ya nyumba. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba.

*Uniti zinaisha haraka kuliko matumizi yako.* Zima kila kitu chumbani, nenda kaangalie mita. Kama taa yake inaendelea kuwaka na kuzima haraka, kuna waya umeunganishwa kwingine. Ita TANESCO, usiguse mwenyewe wala usimwite fundi wa mtaani kufungua mita.

*Kodi imepandishwa katikati ya mkataba.* Mwonyeshe tarehe kwenye nakala yako. Mkataba unaoisha Aprili unazuia bei mpya hadi Aprili.

*Chumba kimoja, wapangaji wawili mmelipa.* Msigombane ninyi. Nendeni wote kwa mwenyekiti wa mtaa mkiwa na risiti, kisha polisi, maana huo ni wizi.

*Mmeshindwana na mwenye nyumba.* Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa. Mengi huishia hapo. Likishindikana liende Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 husuluhisha tu bila kutoa hukumu. Lisiposuluhika, mahali pa kufungua shauri ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko utaombwa mkataba, risiti na zile picha za siku ya kuingia. Ukiendelea kukaa humo wakati shauri linaendelea, endelea kulipa kodi kwa njia inayoacha ushahidi, na asikutolee vyombo nje bila amri. Akijaribu, piga 112.